Samaki dhaifu wa mapambo: Namna ya kuwahamisha bila kuwapoteza

WAFUGAJI wengi wa samaki wa mapambo hukumbwa na hasara ileile. Samaki hununuliwa akiwa buheri wa afya, kisha baada ya siku mbili au tatu hupatikana akielea, amekufa. Aghalabu lawama humwangukia muuzaji, au husemwa kwamba samaki alikuwa na maradhi yaliyofichika. Hata hivyo, mara nyingi kiini cha kifo hicho ni tofauti kati ya maji alimotoka na maji alimotiwa.

Mwili wa samaki wa mito na maziwa una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Kwa sababu hiyo, maji humwingia daima kupitia matamvua, na figo zake hufanya kazi bila kupumzika kuyatoa. Matamvua nayo huvuta madini kutoka majini ili kufidia yale yanayopotea. Madini au joto la maji likibadilika ghafla, mizani hiyo huvurugika.

Mfano wa kardinali

Miongoni mwa samaki wanaohitaji uangalifu ni kardinali, ambaye wanasayansi walimpa jina rasmi mnamo 1956. Ni samaki mdogo asiyezidi sentimita tano, mwenye mstari wa samawati unaometameta na tumbo jekundu. Asili yake ni Amerika Kusini, katika vijito vya mto Rio Negro nchini Brazil na sehemu za juu za mto Orinoco.

Maji ya Rio Negro yana rangi kama ya chai ya rangi kutokana na majani yanayooza msituni. Yana asidi nyingi na karibu hayana madini kabisa. Samaki aliyezoea maji ya aina hiyo hawezi kutumbukizwa katika maji mengine yoyote na kutarajiwa kustahimili.

Jijini Nairobi, kwa mathalani, sehemu kubwa ya maji ya mfereji hutoka katika bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, na maji hayo yana madini machache. Kwa upande mwingine, maji ya visima vilivyochimbwa katika mitaa mingi ya jiji hilo huwa na magadi na floridi kwa wingi. Hivyo basi, samaki walionunuliwa duka moja na siku moja wanaweza kunawiri katika nyumba moja na kufa katika nyumba ya pili.

Anayetegemea maji ya kisima anaweza kupunguza madini kwa kuchanganya na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa safi la vigae. Maji ya paa la mabati hayafai, kwani hubeba zinki, ambayo ni sumu kwa samaki.

Tangi litangulie samaki

Kosa la kwanza ni kununua tangi na samaki siku moja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo. Katika tangi lililokomaa, aina moja ya bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa iwapo maji hubadilishwa mara kwa mara.

Bakteria hao huishi hasa ndani ya chujio, na huchukua takriban wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Katika muda huo, mfugaji hutia chembe chache za chakula cha samaki tangini kila siku ili bakteria wapate amonia. Tangi huwa tayari vipimo vinapoonyesha kwamba amonia na nitriti zimekwisha na nitrati imejitokeza. Kuhamisha sifongo kutoka chujio la tangi la zamani lisilo na ugonjwa huharakisha kazi hiyo.

Maji ya mfereji yana klorini, inayounguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Klorini ya kawaida hutoweka maji yakiachwa wazi kwa saa 24 au zaidi. Lakini kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki kwa njia hiyo. Dawa ya kuondoa klorini iuzwayo katika maduka ya samaki ndiyo kinga ya uhakika.

Joto nalo lisisahauliwe. Kardinali hupendelea nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Katika nyanda za juu, hasa baridi ya Julai inapozidi, maji ya tangi lisilo na hita hushuka chini ya kiwango hicho.

Siku ya kuwasili

Samaki wapya hawapaswi kuingizwa moja kwa moja miongoni mwa wenyeji. Yafaa watiwe kwanza katika tangi dogo la kuwatenga, lenye chujio lililokomaa, hita na mahali pa kujificha. Maji yake yalingane na yale ya tangi kubwa.

Taa zizimwe kabla ya mfuko kufunguliwa, kwani mwanga mkali huongeza hofu. Mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lisawazike.

Iwapo duka ni la karibu na safari ilikuwa fupi, samaki na maji yao huwekwa katika ndoo safi. Maji ya tangi huteremshwa humo kwa mpira mwembamba wa hewa uliofungwa fundo, yadondoke tone baada ya tone. Maji ya ndooni yakifika mara tatu ya kiasi cha awali, baada ya saa moja hivi, samaki huvuliwa kwa wavu laini na kutiwa tangini. Maji ya ndoo humwagwa, yasiingie tangini kamwe.

Samaki waliokaa mfukoni kwa saa nyingi huhitaji utaratibu tofauti. Wanapopumua, gesi ya kaboni dayoksaidi hujaa mfukoni na kuongeza asidi ya maji. Asidi hiyo huifanya amonia iliyokusanyika isiwe na ukali mwingi. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka, asidi hupungua, na amonia hurejea kuwa sumu kali. Kuwaacha samaki hao katika maji yao ya safari kwa saa nzima ni kuwaua polepole. Joto likishasawazika, mfuko ufunguliwe na samaki wahamishwe bila kukawia. Njia hii hufaa zaidi mfugaji akiuliza mapema vipimo vya maji ya muuzaji na kuandaa tangi la kutengea lifanane nayo, kisha alibadilishe polepole katika siku zinazofuata.

Wiki nne za subira

Samaki wasilishwe siku ya kwanza, na baadaye wapewe chakula kidogo. Wakae katika tangi lao kwa wiki nne. Vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe, yanayofanana na chembe za chumvi mwilini, humaliza mzunguko wao wa maisha kwa takriban wiki moja maji yakiwa vuguvugu, na huchukua muda mrefu zaidi katika maji ya baridi. Mstari wa samawati ukififia sehemu fulani mchana, huenda ni ugonjwa wa vimelea vinavyoshambulia misuli, ambao hauna tiba. Mgonjwa wa aina hiyo atengwe na wenzake.

Muda huo ukipita salama, samaki waingizwe katika tangi kubwa kikundi kimoja kwa wakati. Kardinali huishi kwa makundi, hivyo wasipungue sita. Amonia na nitriti zipimwe kwa siku kadhaa kabla ya kundi lingine kuongezwa, ili bakteria wapate nafasi ya kuongezeka.

Na iwapo mfugaji atachoka na samaki wake, asiwamwage mtoni wala ziwani. Ampe mfugaji mwingine au awarudishe dukani, kwani samaki wageni na magonjwa yao wanaweza kuwaangamiza viumbe wa asili.