Njia Kabla ya Mpandaji: Safari ya Thomas Stevens Katika Milima ya Sierra Nevada, 1884

Tarehe 22 Aprili 1884, Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 29 aliondoka San Francisco, pwani ya magharibi ya Marekani, akikusudia kufika Boston, ng'ambo ya pili ya bara hilo, kwa baiskeli. Jina lake lilikuwa Thomas Stevens. Kabla yake hakuna aliyekuwa amefaulu kufanya hivyo. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wana sababu ya kulifahamu jina hilo, kwa kuwa miaka 5 baadaye mtu huyo huyo alitia mguu katika nchi zetu, kama itakavyoelezwa.

Baiskeli yake haikufanana na zile ambazo wainjilisti wa vizazi vilivyofuata walizitumia kuzungukia mitaa yao. Gurudumu la mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, yaani takriban sentimita 127, na la nyuma lilikuwa dogo sana. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, pasipo mnyororo, na matairi yalikuwa mpira mtupu usiojazwa upepo. Mpandaji aliketi juu ya gurudumu kubwa, hata jiwe dogo njiani liliweza kumrusha akaanguka kichwa mbele. Mizigo ya Stevens ilikuwa michache: soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema na tandiko.

Majira ya kuchipua yalikuwa yamekwisha kuingia katika bonde la Sacramento, lakini mbele yake ulisimama ukuta wa Sierra Nevada. Pito ambalo reli ililifuata, lijulikanalo kama Donner, liko zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Aprili theluji huko huwa bado haijayeyuka. Hivyo msafiri aliyeanza safari yake penye majani mabichi alikuta huko juu barabara ya magari ya farasi imefukiwa na theluji. Baiskeli isingeweza kupita hapo, wala mtu kwa miguu isingemwia rahisi.

Njia iliyobaki ilikuwa reli. Kampuni ya Central Pacific ilikuwa imejenga mabanda marefu ya mbao juu ya reli yake ili kuizuia theluji isiifunike, na mabanda hayo yalienea kwa takriban kilomita 60. Stevens aliingia humo akiisukuma baiskeli yake katika giza na moshi, akikanyaga mataruma hatua kwa hatua. Treni ilipokaribia, hakuwa na la kufanya ila kujibana ubavuni mwa banda mpaka ipite. Huo ndio ukweli wa sehemu ile ya safari ambayo baadaye ilisifiwa sana: mpanda baiskeli aliivuka milima kwa miguu, chini ya paa lililojengwa na wengine.

Ni haki basi kuuliza wengine hao walikuwa nani. Tangu mwaka 1865 kampuni hiyo iliajiri Wachina kwa wingi, wengi wao wakitoka mkoa wa Guangdong, na kwa jumla walikuwa zaidi ya 10,000. Ndio waliotoboa mahandaki katika mwamba mgumu wa Sierra Nevada kwa nyundo, patasi na baruti. Handaki la kileleni lina urefu wa takriban meta 500, na zilikuwako siku ambazo kazi ya kutwa nzima ilisogeza mbele uso wa mwamba kwa kiasi cha sentimita 30 tu. Maporomoko ya theluji yaliwaua wengi. Mwezi Juni 1867 waligoma wakidai ujira sawa na wa wazungu. Kampuni ikazuia chakula kisiwafikie huko milimani, na baada ya siku chache mgomo ukafa. Daftari za kampuni hazikuhifadhi majina yao kwa ukamilifu, wala idadi ya waliokufa.

Reli ilikamilika tarehe 10 Mei 1869. Miaka 13 baadaye, mwezi Mei 1882, serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1943. Kwa hiyo Stevens alipopita mwaka 1884, watu wa taifa lililoikata njia ile walikuwa wamekwisha kufungiwa mlango.

Baada ya milima alivuka jangwa la Nevada, akapita Utah, Wyoming na nyanda za Nebraska, akafika Chicago, na hatimaye Boston tarehe 4 Agosti 1884. Alikuwa amesafiri takriban maili 3,700, karibu kilomita 6,000, na zaidi ya theluthi moja ya njia hiyo alikwenda kwa miguu. Mwaka uliofuata aliendelea kutoka Liverpool kupitia Ulaya, Uturuki na Uajemi, akapita India na China, akamalizia Yokohama, Japani, mwezi Desemba 1886. Hivyo akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli.

Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika ya Mashariki kutafuta habari za Henry Stanley. Alifika hadi eneo la Kilimanjaro, miaka 4 kabla ya wamisionari wa Leipzig kuanza kazi Machame mwaka 1893, na mwishoni mwa mwaka huo alikutana na Stanley aliyekuwa akirejea pwani. Safari za bara wakati huo zilikuwa za misafara, na misafara iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi, ambao kila mmoja alichukua mzigo wa takriban kilo 30. Majina ya wakuu wa misafara yamo vitabuni; majina ya wapagazi, isipokuwa machache, hayamo.

Hakuna haja ya kumpunguzia Stevens sifa yake. Alivumilia njaa, baridi na upweke, na alijua wakati wa kupanda na wakati wa kushuka na kusukuma. Lakini historia inayomtaja mpandaji peke yake imesema nusu ya habari. Mwezi Mei 2014, miaka 145 baada ya reli kukamilika, Wizara ya Kazi ya Marekani iliwaingiza wajenzi wale Wachina katika orodha yake ya heshima. Heshima hiyo walipewa kwa pamoja, kwa sababu majina ya wengi wao hayakuwa yameandikwa walipokuwa hai, na aliyeyajua hakuwako tena.

Watu wanaohesabu miaka 100 ya kazi yao wanaweza kujifunza hapo. Waliobeba mawe na kukata njia huandikwa vema wakati ambapo wajukuu wao bado wanayakumbuka majina.