Weusi Si Rangi Moja: Historia Fupi ya Rangi za Giza Katika Uchoraji

Lugha ya Kiswahili ina sifa tatu tu za rangi zinazokubaliana na ngeli za majina, nazo ni -eupe, -ekundu na -eusi. Nyingine nyingi tumezipata kwa kuvitazama vitu: kijani kutokana na majani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda la mzambarau. Mwalimu wa sarufi huitaja habari hii na kupita. Mchoraji hawezi kupita, kwa sababu anatambua kwamba sifa hii moja, -eusi, imebebeshwa mzigo wa rangi nyingi. Kaniki tunaiita nguo nyeusi, ingawa asili ya weusi wake ni nili, yaani buluu iliyokolezwa mno. Mawingu ya mvua tunayaita meusi, ingawa hayana hata chembe ya masizi. Mkaa ni mweusi, na udongo wa bondeni ni mweusi. Lakini ukiviweka pamoja juani utaona kwamba havifanani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wachoraji wa zamani walivyozipata rangi za giza, walivyozichanganya, na hasara iliyowafika baadhi yao kwa kutozielewa. Twadhani habari hii inawahusu walimu wa lugha kama inavyowahusu walimu wa sanaa, kwani rangi, sawa na maneno, huharibu maana zikitumiwa bila kujua asili yake.

Weusi wa kwanza ulitoka motoni. Katika pango la Chauvet, huko Ufaransa, watu walichora wanyama kwa mkaa wa kuni zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Katika pango la Lascaux, katika nchi iyo hiyo, sehemu kubwa ya weusi haikutoka motoni bali ardhini, katika mawe yenye madini ya manganizi. Tangu hapo mwanadamu amekuwa na njia hizo mbili: kuchoma, au kuchimba. Wamisri wa kale walichanganya masizi na gundi ya miti wakapata wino. Cennino Cennini, fundi wa Italia aliyeandika kitabu cha ufundi wa uchoraji karibu na mwaka 1400, alieleza namna kadhaa za kutengeneza weusi: kwa kuchoma vijiti vya mzabibu, kwa kuchoma maganda ya lozi, na kwa kukusanya masizi ya taa ya mafuta ya kitani. Hakuziona namna hizo kuwa kitu kimoja, na kwa hakika si kitu kimoja. Weusi wa mzabibu, ukichanganywa na nyeupe, hutoa kijivu chenye ubuluu. Weusi wa mifupa iliyochomwa pasipo hewa huwa na joto la kahawia.

Kulikuwa pia na weusi wa pembe za ndovu, uliosifiwa kuliko yote. Ulitengenezwa kwa kuchoma vipande vilivyobaki katika karakana za wachonga pembe. Siku hizi rangi inayouzwa kwa jina hilo hutengenezwa kwa mifupa ya kawaida, lakini jina limebaki. Wasomaji wetu wanaojua jinsi pembe zilivyobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara hadi pwani, na kutoka Unguja hadi masoko ya ng'ambo katika karne ya 19, wataelewa kwamba hata kijichupa cha rangi chaweza kubeba historia nzito.

Pamoja na weusi, wachoraji wa Ulaya walitumia udongo wa kahawia uitwao amba, ambao una chuma na manganizi. Ukiokwa motoni huzidi kuiva na kuwa na wekundu ndani ya giza lake. Manganizi iliyomo husaidia mafuta kukauka upesi, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo mwanafunzi wa uchoraji hulisahau: rangi za giza hazitofautiani kwa sura tu, hutofautiana pia kwa mwendo wa kukauka. Weusi wa mifupa hukawia mno kukauka katika mafuta. Mchoraji akiupaka mzito, kisha juu yake akapaka rangi ikaukayo upesi, tabaka la juu hukazana hali la chini bado laini, na mwisho wake ni nyufa.

Mfano mkubwa wa msiba wa namna hiyo ni picha ya Théodore Géricault iitwayo Chelezo cha Medusa, iliyooneshwa Paris mwaka 1819. Habari yake ni ya kweli. Mnamo Julai 1816 meli ya Ufaransa iliyoitwa Méduse, ikielekea Senegal, ilikwama katika mchanga karibu na pwani ya Mauritania kwa uzembe wa nahodha aliyepewa cheo kwa upendeleo wa kisiasa. Mashua hazikutosha. Watu wapatao 147 wakapakiwa juu ya chelezo cha mbao, kisha kamba zilizokifunga na mashua zikaachwa. Baada ya siku 13 walipatikana 15 tu walio hai. Géricault aliwachora wakati walipoiona meli kwa mbali, na juu kabisa ya mrundo ule wa miili alimweka mtu mweusi akipunga kitambaa kuomba msaada. Mwaka ule biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea baharini. Kumweka Mwafrika kileleni mwa tumaini la wote halikuwa jambo dogo.

Ili kupata giza zito la bahari na la maiti, Géricault alitumia lami ya asili. Rangi hiyo ilipendwa sana na wachoraji wa wakati wake, na hata kabla yake Joshua Reynolds wa Uingereza aliitumia. Ikipakwa leo, hung'aa kama asali iliyokolea, na humfanya mchoraji aamini kwamba amepata kivuli chenye kina kisicho na mwisho. Lakini lami haikauki kabisa. Hutembea na joto, hujikunja, huzidi kuwa nyeusi, na hupasuka kama gamba la mamba. Wataalamu hutaja pia mafuta yaliyopikwa kwa madini ya risasi ili yakauke haraka, ambayo yaliongeza balaa. Picha ile, yenye karibu mita 5 kwa 7, ilianza kuharibika mapema hata ikalazimu wachoraji wawili waitolee nakala kamili katika miaka ya 1859 na 1860. Nakala hiyo imehifadhiwa katika mji wa Amiens. Picha yenyewe imo katika jumba la Louvre, na haiwezekani kuirudishia mwanga wake wa awali.

Hebu tulitafakari jambo hili. Mchoraji alikusudia kuwaokoa na usahaulifu watu walioachwa baharini na wakubwa wao. Aliwahoji walionusurika na kutafiti kwa bidii. Lakini giza alilolichagua ndilo linaloendelea kuwameza watu wale wale. Nia njema haikutosha; ilihitajika pia elimu ya rangi.

Giza laweza kudanganya hata jina la picha. Picha ya Rembrandt ya mwaka 1642, ijulikanayo kama Zamu ya Usiku, haioneshi usiku. Inaonesha walinzi wa mji wa Amsterdam wakitoka mchana. Vanishi na uchafu wa miaka mingi viliifunika, na watu wakaipa jina kwa kulitazama lile giza. Ilipokuja kusafishwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanga wa jua ulionekana tena, lakini jina halikubadilika.

Maarifa mapya yalitoka mahali ambapo hapakutazamiwa. Mwaka 1824 mwanakemia Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mapambo ya ukutani. Mafundi walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilizotiwa katika vivuli vya nguo za buluu na zambarau zilikosa nguvu. Chevreul alizipima, akaona weusi wake hauna kasoro. Kasoro ilikuwa katika ujirani: rangi iliyo kando yake ndiyo iliyobadilisha namna jicho linavyouona weusi. Alichapisha uchunguzi wake mwaka 1839, na wachoraji wakausoma. Walijifunza kwamba hakuna giza lililo peke yake. Kila giza hupimwa kwa jirani yake.

Ndipo kizazi cha Claude Monet kikaanza kuuepuka weusi ulio tayari. Katika picha moja ya kituo cha reli cha Saint-Lazare, aliyoichora mwaka 1877 na ambayo sasa imo London, chuma na moshi vyaonekana vyeusi. Lakini uchunguzi wa wataalamu umeonesha kwamba sehemu hizo zilichanganywa kwa buluu, kijani na nyekundu kali, na weusi wenyewe ni kidogo sana. Sababu yake yaeleweka. Kila unga wa rangi humeza sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Nyekundu humeza kile ambacho kijani hurudisha, na kijani humeza kile ambacho nyekundu hurudisha. Zikikutana, mwanga unaobaki ni mdogo, nalo jicho huona giza. Lakini ni giza lenye uhai, linaloweza kuelemea upande wowote kwa kuongezwa tone la rangi moja.

Tusidhani kwamba elimu hii ni ya Ulaya peke yake. Mashariki ya Rwanda, katika nchi ya zamani ya Gisaka, wanawake wameendeleza sanaa iitwayo imigongo, neno ambalo mwenye Kiswahili hulitambua mara moja. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kuwa matuta kama migongo, kisha ikapakwa rangi. Nyeupe na nyekundu hutoka katika udongo. Weusi hutengenezwa kwa majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri na tunda la mtunguja wa porini. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, sanaa hii iliyokaribia kupotea ilifufuliwa na wanawake waliojiunga katika ushirika. Na tazama: rangi zake kuu za jadi ni nyeupe, nyekundu na nyeusi, zile zile tatu ambazo sarufi yetu imezipa sifa kamili.

Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi dogo. Mwanafunzi anyimwe chupa ya rangi nyeusi kwa juma moja. Achanganye buluu iliyokolea na udongo wa kahawia uliookwa, kisha nyekundu na kijani. Atie nyeupe kidogo pembeni ili aone kila giza linaelemea wapi. Kisha aongeze manjano katika weusi wa mkaa, naye atashangaa kuona kijani. Mwishoni aandike kwa Kiswahili majina ya rangi alizozipata, bila kulitumia neno "nyeusi" hata mara moja. Atajikuta anatafuta maneno ya masizi, ya nili, ya kahawa, ya utomvu, ya mawingu ya masika. Na huko kutafuta ndiko kujifunza lugha.