Dakika ya Thelathini (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Daktari, mtafiti wa kongosho, amemchukua damu baba yake mdogo nyumbani Tarime: kabla ya kunywa gramu 75 za glukosi, baada ya dakika 30, na baada ya saa 2. Deli la barafu limesafirishwa hadi maabara ya Mwanza. Leo majibu yameingia kwenye simu. "Usiyasome kwanza," Bibi akamwomba. SASA ENDELEA…

Alikwisha kuyasoma.

Baada ya saa mbili sukari ilikuwa 14.6, na kisukari huhesabiwa kuanzia 11.1. Hilo alilitarajia. Kilichomkausha koo ni dakika ya 30. Kongosho zima humimina insulini mara sukari inapoingia mwilini. La baba mdogo lilikuwa limetoa kidogo mno.

"Sema tu, mwanangu," baba mdogo alimhimiza. "Wanasema kisukari ni cha wenye vitambi. Mimi suruali naifunga kwa kamba. Naamka usiku kukojoa, nikirudi namaliza jagi la maji. Sokoni wameshanipa ugonjwa mwingine."

"Wanakuonea, Baba. Wengi wa wenye vitambi insulini wanayo, mwili ndio unaoikaidi. Wewe mwili unaisubiri, haiji."

Ndilo swali lililomkalisha maabara tangu akiwa mwanafunzi. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikitambua kisukari cha utapiamlo. Mwaka 1999 likakiondoa. Katikati yake, mwaka 1992, Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walichapisha matokeo ya vijiji vinane katika mikoa mitatu ya Tanzania: waliokonda sana hawakuonekana kuugua kisukari kwa kiasi kikubwa kuliko wengine. Kazi ile Daktari aliiheshimu kuliko zote. Lakini iliwapima watu walivyokuwa siku ile. Njaa ya utotoni haisomeki kwenye mizani ya mtu mzima. Kisha Aprili 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua upya, kwa jina la aina ya 5.

"Bibi, baba mdogo alizaliwa mwaka gani?"

Bibi alikaa kimya kitambo.

"Mwaka wa yanga."

Daktari alihesabu. Ni 1974, mvua zilipokata na nchi ikala unga wa mahindi ya njano.

"Maziwa yalinikauka. Nilikuwa na vinywa viwili."

"Viwili?" baba mdogo aliuliza.

"Mlizaliwa pacha, mwanangu. Hata mimi niliwachanganya. Dada yangu wa Kehancha, ng'ambo ya Sirari, hakujaliwa mtoto, ila alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Nikampa mmoja ili wote mpone. Mtu akikulelea mwana, humwendei kumdai."

Baba mdogo alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Daktari alimshika mkono, lakini moyo wake ulikuwa unakimbia upande mwingine. Watu wawili wa tumbo moja, wanaofanana hivyo: mmoja alilelewa kwa njaa, mwingine kwa maziwa. Ikiwa yule ni mzima, njaa ina kesi ya kujibu. Ikiwa naye anaumwa, kesi inarudi kwenye damu ya ukoo, na hoja yake ya miaka yote inaanguka.

"Yuko hai, Bibi?"

"Juzi nilimpelekea salamu. Nikasema asichelewe."

Mbwa walibweka nje. Hatua zikakaribia, kisha sauti ikapiga hodi. Ilikuwa sauti ya baba mdogo, naye baba mdogo yuko mbele yao, midomo imefumba.

Bibi alifungua mlango kwa mikono inayotetemeka. Mgeni aliegemea mwimo, mkanda umezungushwa karibu mara mbili kiunoni.

"Mama," alisema, hata kabla ya salamu, "nipeni maji ya kunywa. Tangu mpakani nakunywa tu, kiu haishi."

ITAENDELEA WIKI IJAYO