Soweto hadi Mazimbu: Nani Aliulizwa?

Ukifika Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, utakuta makaburi ya watu wa Afrika Kusini waliofia uhamishoni. Walifikaje huku? Sehemu kubwa ya jibu inaanzia darasani.

Mwezi Mei mwaka 1948 makaburu wa chama cha National walishinda uchaguzi wa Afrika Kusini. Desemba 10 mwaka huohuo, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu. Ibara ya 26 inasema kila mtu ana haki ya kupata elimu, na kwamba elimu hiyo ijenge maelewano baina ya mataifa, rangi na dini. Nchi 8 zilikataa kuunga mkono bila kupinga waziwazi. Afrika Kusini ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1953 ikapitishwa Sheria ya Elimu ya Wabantu. Shule za Waafrika, ambazo nyingi zilikuwa za misheni, zikawekwa chini ya serikali. Waziri aliyehusika, Hendrik Verwoerd, aliliambia Bunge kuwa hakuna maana kumfundisha mtoto wa Kiafrika hesabu ambazo hataruhusiwa kuzitumia.

Lakini tuzingatie jambo moja. Makaburu hawakufunga shule. Watoto wa Kiafrika madarasani waliongezeka. Kilichobanwa ni kile walichofundishwa. Hata lugha za mama ziligeuzwa silaha. Mzulu alitengewa shule yake na Msotho yake, wala si kwa kuheshimu mila zao, bali ili wasiwe kitu kimoja.

Kisha mwaka 1974 ikatoka amri kwamba nusu ya masomo, hesabu zikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo sisi tuliizoea kwa jina la Kikaburu. Wazazi walilalamika, walimu wakalalamika, wengi wao wenyewe hawakuimudu lugha hiyo. Hakuna aliyewasikiliza. Juni 16, 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana. Polisi wakawapiga risasi. Hector Pieterson, mtoto wa shule ya msingi, alikuwa miongoni mwa waliouawa siku hiyo. Ghasia zilienea nchi nzima na waliokufa wakafikia mamia. Mwezi Julai amri ikafutwa.

Vijana wengi walikimbia nchi, na baadhi yao wakafika Tanzania. Serikali yetu ilikipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge, hapo Mazimbu. Mwaka 1978 ikaanza shule iliyokuja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana ambaye makaburu walimnyonga Aprili 6, 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Mzulu, Mxhosa, Msotho na Mtswana wakakaa dawati moja. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi eneo hilo kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Afrika Kusini huru iliandika katika Katiba yake ya mwaka 1996 kwamba mtu ana haki ya kufundishwa katika shule za umma kwa lugha rasmi anayoichagua, pale inapowezekana. Neno zito hapo ni "anayoichagua". Wale waliolazimishwa lugha ya mama ili watengane, ndio hao waliolazimishwa Kikaburu ili watii. Mara zote mbili hawakuulizwa.

Na sisi je? Nilipokuwa kidato cha kwanza nilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani. Nilikivaa mpaka nilipomnasa mwenzangu akisema Kiswahili, nikamvisha yeye. Silinganishi kibao na risasi, hata kidogo. Ila siku ile nilijifunza kumsaliti rafiki na kuionea haya lugha ya nyumbani, na wala hakuna mzazi aliyekuwa ameulizwa kama ndicho alichomtuma mwanawe shuleni kujifunza.

Tangu mwaka 1991 Afrika huadhimisha Juni 16 kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Hotuba husomwa, idadi ya madarasa na madawati hutajwa. Ni vema. Lakini Soweto nako madarasa yalikuwepo. Itakapofika tena siku hiyo, tuwaulize watoto wenyewe wanafundishwa nini humo, na kama wanaelewa.