Konokono waliookoa tangi la samaki

Wadau, kabla hamjakimbilia kununua samaki wa mapambo, msikieni jamaa huyu. Mwaka 1849 mkemia Robert Warington wa London aliweka samaki wawili wa dhahabu kwenye tangi la kioo, pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria. Hesabu yake: mmea uwape samaki oksijeni. Kumbe majani yakaoza, maji yakachafuka! Akatia konokono, wakala ule uozo, maji yakang'aa. 1850 akachapisha matokeo.

Leo tunajua kuna bakteria pia, wanaopunguza amonia, sumu ya uchafu wa samaki. Hao huchukua wiki kadhaa kuzaliana. Kwa hiyo nasema: pandeni mimea kwanza, samaki baadaye, tena wachache. Mkiharakisha mtazika samaki, shauri yenu!