Siku Liuli Ilipopigwa Bila Taarifa, na Hedifoni Yako Inayoikataa Linux

Mdau, kisa ni kilekile kila mara. Mashine moja, mifumo miwili: Windows kwa kazi za ofisi na magemu, Linux kwa kujifunza kodi, au kwa sababu mashine imezeeka. Unaunganisha hedifoni ya Bluetooth ukiwa Windows, muziki unapiga freshi. Unazima, unaingia Linux, hedifoni inagoma. Unaifuta, unaioanisha upya, inakubali. Unarudi Windows, kumbe sasa Windows ndiyo inayokataliwa. Ukizunguka hivyo mara tatu nne unaanza kuitukana draiva, na fundi wa stendi anakwambia ununue hedifoni nyingine.

Usinunue. Draiva mara nyingi haina kosa hapo, na hedifoni ni nzima kabisa. Kuna habari imefika upande mmoja, upande wa pili haujaambiwa. Na kama unataka kuielewa shida hii vizuri, nifuate kwanza Ziwa Nyasa, Agosti 1914. Sitanii.

Ukitoka Mbinga mjini, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro ya Wamatengo, barabara inateremka milima mpaka Mbamba Bay. Ukifuata ufukwe kwenda kaskazini unafika Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wa pale ghubani unaofanana na ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Ziwa lilikuwa moja ila wakubwa wengi: Waingereza upande wa Nyasaland, Wajerumani upande wetu, Wareno huko Msumbiji. Mwingereza alikuwa na meli yake yenye mzinga, Gwendolen. Mjerumani alikuwa na Hermann von Wissmann. Inasimuliwa kwamba manahodha wa meli hizi mbili walikuwa washkaji, wakikutana wanakunywa pamoja. Majina yao nayaacha makusudi, kwa sababu kila anayesimulia kisa hiki anawataja wao tu, wakati waliochochea moto kwenye boila na kubeba kuni walikuwa watu wa ufukweni ambao simulizi hizo haziwataji hata kwa jina moja.

Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Upande wa Nyasaland kulikuwa na waya wa telegrafu, kwa hiyo habari ikafika na amri ikatoka: kaitafute ile meli ya Mjerumani. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikaikuta Hermann von Wissmann pale Liuli, imepandishwa nchi kavu inafanyiwa matengenezo. Ikaanza kufyatua kutoka umbali wa karibu kilomita 2. Mabomu ya kwanza yalikosa, mzinga wenyewe ulikuwa haujazoeleka, lakini mwisho moja likapata.

Nahodha wa Kijerumani, kwa jinsi inavyosimuliwa, akaingia kwenye kimtumbwi akapiga makasia hadi kwa rafiki yake kumfokea. Alitaka kujua kama amelewa. Ndipo akaambiwa kuna vita, tena yeye ni mateka. Siku 9 zilikuwa zimepita, na yeye hakuwa na habari.

Watu wanaicheka hadithi hii, na London magazeti yaliifanya ushindi mkubwa wa majini. Ila kwa watu wa huku haikuwa kichekesho. Ilikuwa miaka 7 tu tangu Maji Maji iishe, na Songea ilikuwa bado inawakumbuka wazee wake walionyongwa Februari 1906. Waingereza walirudi tena Liuli Mei 1915 kuimalizia meli ile. Baadaye vita vikapanda nchi kavu, na Waafrika kwa maelfu wakabebeshwa mizigo ya pande zote mbili katika ugomvi usiowahusu. Wengi hawakurudi nyumbani.

Kinachonikamata mimi ni hili: Wajerumani walikuwa na redio. Dar es Salaam kulikuwa na mnara wa mawasiliano bila waya, na vituo vingine Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja kuulenga ule wa Dar es Salaam, na siku hiyo mnara ukaanguka. Siku 5 baadaye Liuli ikapigwa. Serikali yao ilijua kuna vita, ila habari ilikuwa haijashuka mpaka ufukweni. Meli ni ileile, nahodha ni yuleyule, na salamu aliyokuwa akiitoa jana haitambuliki tena leo.

Sasa rudi kwenye mashine yako.

Bluetooth ilianza kufanyiwa kazi mwaka 1994 kwenye kampuni ya Ericsson, mji wa Lund, Sweden. Wahandisi Jaap Haartsen na Sven Mattisson ni kati ya waliotoa jasho hapo. Jina lilipendekezwa mwaka 1997 na Jim Kardach wa Intel, kwa kumkumbuka mfalme wa karne ya 10 aliyeiunganisha Denmark, Harald, ambaye jina lake la utani lilikuwa Jino la Bluu. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba wakaunda umoja wa kuisimamia. Yaani kitu kimepewa jina la mtu aliyeunganisha nchi, halafu kinashindwa kuunganisha mifumo miwili iliyolala kwenye diski moja!

Shida iliingia kidogokidogo. Mwaka 2001 kodi iitwayo BlueZ, iliyotengenezwa ndani ya Qualcomm, iliingia kwenye kiini cha Linux. Windows nayo ikaja kuweka Bluetooth yake yenyewe ndani ya XP, na kufikia Service Pack 2 ya mwaka 2004 ikawa kitu cha kawaida. Kila mmoja akatengeneza kabati lake la kuhifadhia siri. Hakuna aliyeweka kanuni kwamba mmoja amwambie mwenzake.

Siri yenyewe ni ufunguo wa biti 128. Ukioanisha hedifoni na mashine, pande mbili zinakubaliana ufunguo, na kila upande unautunza. Kesho yake hazioanishwi tena, zinaulizana ufunguo tu. Hedifoni inaitambua mashine yako kwa anwani ya chipu ya Bluetooth, na chipu ni moja. Haijui kama ndani kuna Windows au Linux, na kwa kila anwani inatunza ufunguo mmoja. Ukioanisha ukiwa Windows unazaliwa ufunguo mpya na ule wa zamani unafutwa. Linux ikija na ufunguo wa jana, inaonekana tapeli. Ni nahodha wa Liuli kabisa, anapiga makasia kumfuata rafiki ambaye tangu wiki iliyopita ni adui.

Dawa ni kuipelekea Linux habari. Anza kwa kuoanisha ukiwa Linux, ili faili lake liwepo. Kisha ingia Windows, oanisha hapo, na hapo ndipo mwisho wa kuoanisha: ufunguo wa Windows ndio hedifoni inaoushika sasa. Kilichobaki ni kuunakili kwenda Linux.

Windows inauficha kwenye rejista yake, ndani ya Services, kwenye folda ya BTHPORT, halafu Parameters, halafu Keys. Ukiifungua kawaida utakuta patupu, maana hata msimamizi wa mashine haruhusiwi kuuona. Ni mfumo wenyewe tu. Wengi wanaona rahisi kuusoma wakiwa Linux: unafungua diski ya Windows kwa kusoma tu, unaenda Windows/System32/config, kisha unatumia programu ya chntpw kulifungua faili la SYSTEM. Humo unaingia ControlSet001, Services, BTHPORT, Parameters, Keys. Utaona anwani ya chipu yako, ndani yake anwani ya hedifoni, ndani yake ufunguo. Kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, njia hii haitafunguka mpaka uwe na neno lake la kufungulia.

Upande wa Linux nenda /var/lib/bluetooth ukiwa na mamlaka ya root. Kuna folda ya anwani ya chipu, ndani yake folda ya hedifoni, ndani yake faili linaloitwa info. Lihifadhi nakala kwanza, aisee, usijifanye mjuaji. Tafuta sehemu ya LinkKey, na kwenye mstari wa Key weka ufunguo uliotoka Windows: herufi kubwa, bila nafasi wala mkato, jumla herufi na tarakimu 32. Hifadhi, washa upya huduma ya bluetooth, halafu washa hedifoni. Ukikosea tarakimu moja itagoma kama mwanzo, kwa hiyo soma mara mbili.

Hii inafanya kazi kwa Bluetooth ya kawaida, ile ambayo hedifoni nyingi bado zinaitumia kupiga muziki. Mausi na baadhi ya vifaa vipya vya Bluetooth ya nishati ndogo vina funguo kadhaa badala ya mmoja, na vingine vinabadili hata anwani. Hapo kazi ni ndefu zaidi, ila wazo ni lilelile.

Je, draiva haihusiki kamwe? Inahusika, ila kwa dalili nyingine. Kama Linux haioni Bluetooth kabisa, hata orodha ya vifaa haifunguki, andika dmesg kwenye terminali uangalie kama inalalamika kukosa faili la chipu, ukiliweka, imeisha. Na kabla ya hapo mshuku Windows: tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kuwasha kwa haraka, ambako ukizima mashine inalala nusu tu na inaweza kuiacha chipu katika hali ambayo Linux haiielewi. Kizime kwenye mipangilio ya nishati, au shikilia Shift unapobonyeza kuzima. Hata kuisoma diski ya Windows ukiwa Linux ni salama zaidi ikiwa imezimwa kikweli. Na kama sauti ipo lakini inasikika kama mtu anaongea ndani ya pipa, maiki ya hedifoni imewashwa na mfumo umehamia hali ya simu. Irudishe A2DP kwenye mipangilio ya sauti, muziki utarudi.

Nimelichimba hili kwa sababu Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba zilizopo Mbinga, Songea na kwingineko hazikidhi masharti ya Windows 11. Wenye nazo wengi watajaribu Linux pembeni kabla ya kuhama moja kwa moja, na watakutana na mgomo huu wiki ya kwanza. Wapo watakaoirudia Windows isiyo na ulinzi kwa sababu tu hedifoni imenuna. Wengine watatoa hela ya mwezi kununua hedifoni mpya, ambayo nayo itagoma vilevile, maana kabati za siri bado ni mbili.

Kama umefuata yote na bado imegoma, tupia hapo chini aina ya chipu, toleo la Linux na mstari mwekundu uliouona kwenye dmesg. Ila ufunguo wenyewe usiuandike hadharani.