Wanaocheza Vita Ubaoni Nao Waandike

Mchezo wa ubao unaohusu vita vya kihistoria ni hoja. Aliyeubuni ameamua nini kihesabiwe, nani apewe kete na ushindi upimwe kwa kigezo gani. Mwanahistoria hufanya uamuzi wa aina hiyo kitabuni, lakini kitabu huhakikiwa. Mchezo huchezwa, kisha hurudishwa sandukuni. Kwa sababu hiyo nawasihi wanaoucheza kwa kujiburudisha washike kalamu.

Asili ya michezo hii ni jeshini. Mwaka 1824 Luteni Reisswitz wa Prusia, akiendeleza kazi ya baba yake, alitoa kanuni za Kriegsspiel: ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu na mwamuzi. Nchini Marekani, Charles S. Roberts aliwachapishia raia mchezo wa Tactics mwaka 1954, na kampuni yake ya Avalon Hill ikatoa Gettysburg mwaka 1958. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilianzisha jarida la The General, ambamo wachezaji walijadili mbinu na kanuni. Mwaka 1967 likafuata Strategy & Tactics. James Dunnigan alipolichukua mwaka 1969, alianza kuweka mchezo kamili ndani ya jarida, sambamba na makala ya historia. Msomaji aliweza kuyapima maandishi kwa ramani, na ramani kwa maandishi. Uwanja huu, basi, ulikuzwa na watu wasio wanahistoria kwa taaluma.

Je, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Chukua vita vya mwaka 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki. Mbunifu akitaka kuonyesha ugavi, anaweza kuandika kanuni ya mstari mmoja: kikosi kisichofikiwa na chakula hupungukiwa nguvu. Kanuni hiyo ni sahihi, lakini nyuma yake wamo wapagazi. Waingereza peke yao waliwatumia Waafrika wa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Mchezaji anayelijua hilo ana jambo la kuandika ambalo mhakiki wa mbali huenda asilione.

Mwaka 2023 kampuni ya GMT ilichapisha The British Way, kazi ya Stephen Rangazas yenye michezo minne, mmojawapo ukihusu vita vya Mau Mau. Mchezo huo umetoka miaka kumi baada ya serikali ya Uingereza, mwezi Juni 2013, kueleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 kwa mateso waliyotendewa. Mchezaji na aulize: kambi za kizuizini na vijiji vya lazima vimewekwaje katika kanuni? Je, ukatili una gharama kwa anayeutumia, au ni njia ya mkato ya kushinda?

Maandishi ya namna hiyo yana nguvu. Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo iliuondoa mchezo wa Scramble for Africa katika orodha ya matoleo yake yajayo, baada ya wapenzi wa michezo kuhoji jinsi ulivyolichukulia suala la ukoloni. Wengine waliona uamuzi huo ni wa haki, wengine wakaulaumu. Kwangu mimi, faida kubwa ilikuwa mjadala wenyewe.

Ndugu msomaji, huhitaji shahada ya historia kuanza. Wazee wa bao barazani huchambua mtaji uliopotea hatua kwa hatua, wala hawamsubiri profesa. Ikiwa bei ya sanduku imekushinda, vijitabu vya kanuni vya michezo mingi hutolewa bure mtandaoni na wachapishaji wenyewe. Soma kanuni moja, tafuta tukio halisi ambalo kanuni hiyo inadai kulieleza, kisha andika kurasa mbili: wapi inasema kweli, wapi inanyamaza, na nani hakupewa kete. Andika kwa Kiswahili, ili wajukuu wa wapagazi na wa waliofungwa kambini nao wapate kuisoma hoja hiyo na kuijibu.